Dhoruba ya ziwa haikupi siku tatu: uanze na paa, mfereji au taa?

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiisogelea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imeshatoa taarifa mapema. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, watu wa pwani wakapata muda wa kujaza maji, kununua mishumaa na kuvuta ngalawa nchi kavu. Kimbunga cha bahari, pamoja na ukali wake wote, hupiga hodi.

Dhoruba ya Ziwa Viktoria haipigi. Sisi wa Mwanza hatufikiwi na vimbunga vya aina ya Hidaya, kwa sababu ili kizaliwe kimbunga lazima pawe na bahari ya joto na nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupindisha upepo uzunguke, na nguvu hiyo karibu na ikweta ni hafifu mno. Ndani ya nyuzi 5 hivi kila upande wa ikweta vimbunga huwa nadra sana. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini. Tulicho nacho ni mawingu ya radi yanayozaliwa juu ya ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa haraka, maji hubaki na joto lake, na upepo wa Tanzania, Uganda na Kenya wote huteremka kuelekea katikati ya ziwa. Unapokutana hauna pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana ngurumo za ziwani hupendelea usiku wa manane hadi alfajiri, wakati wewe umelala, mafundi wamelala, na duka la vifaa limefungwa.

Kwa hiyo maandalizi yanayopendekezwa kwa watu wa Florida au Msumbiji, ya kukimbilia mbao za kuziba madirisha siku mbili kabla, kwetu hayana siku mbili za kuyafanyia. Mimi hupima kila kitu kwa swali moja: saa tisa usiku, nikiwa usingizini, hiki kitafanya kazi bila mimi? Kikihitaji niamke, nitafute kiberiti na nianze kupanda ngazi, nakishusha daraja. Ulinganisho huu wote nimeupanga kwa kipimo hicho, na nikubali mapema kwamba nina upendeleo: kwangu paa hutangulia, mengine hufuata kwa mbali.

Paa: mawe, skrubu, au kulifunga kwenye lenta

Ukipita mialo ya wavuvi ya Igombe na Kayenze, au ukivuka kwenda visiwani, utaona mabati yamepangiwa mawe juu. Ni njia ya bure, Mwanza mawe hatununui, na kwa upepo wa kawaida husaidia bati lisipigepige. Tatizo ni hesabu. Upepo haulisukumi paa tu, hulinyonya kwenda juu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una nguvu inayolingana na karibu kilo 48 kwa kila mita moja ya mraba, na kwenye kingo na kona za paa mnyonyo huzidi hapo. Bati la geji 30 halifiki kilo 4 kwa mita hiyo hiyo. Umeweka jiwe la kilo 10 kila mita? Bado una deni la zaidi ya kilo 30. Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, kwa hiyo paa lililovumilia upepo wa kilomita 50 miaka yote halijathibitisha lolote kuhusu kilomita 100. Na bati likishajikunja, jiwe huteremka. Huteremkia mlangoni, mahali ambapo watu hukimbilia.

Mawe basi ni ya banda la kuku na la kuni. Kwa nyumba wanayolala watoto, hapana.

Chaguo la pili ni kuongeza vishikizi. Misumari ya bati ni rahisi kupata na kila fundi ana nyundo, ila bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, mwaka baada ya mwaka, na msumari hulegea taratibu kwenye mbao laini. Skrubu zenye mpira chini ya kichwa hushika vizuri zaidi na hazichomoki kwa mtikisiko, lakini bei yake iko juu na fundi lazima awe na drili. Huhitaji kubadilisha paa zima. Upepo huanza kung'oa kwenye kingo: ukingo wa chini kunakodondokea maji, pembeni kwenye pembetatu za nyumba, kwenye kofia, na kwenye kona zote. Weka skrubu huko, kila wimbi la bati kwenye ukingo, kisha katikati acha misumari iliyopo, ukigongelea au kubadilisha iliyolegea. Kwa pesa kidogo hili ni badiliko lenye faida kubwa, na kazi yake hufanywa Jumamosi moja kavu.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ninapobishana na mafundi. Ukitazama paa lililoruka, mara nyingi mabati bado yameng'ang'ania papi zake, zile mbao yanakopigiliwa. Kilichoruka ni kipande kizima, mabati na mbao. Bati lilishikwa na papi, papi ikashikwa na kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, lakini kenchi ilikuwa imekalia ukuta tu kwa uzito wake na misumari miwili. Ukiimarisha juu bila kugusa chini, umeliandaa paa liruke likiwa zima.

Kwa anayejenga sasa hivi jibu ni jepesi, na gharama yake ukilinganisha na nyumba nzima ni ndogo: kabla ya kumwaga zege la lenta ya juu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, acha vipande vya nondo ya milimita 8 vimechomoza kila mahali kenchi itakapokaa, kisha uvikunje juu ya mbao na kuvipigia misumari. Msimamie fundi siku hiyo mwenyewe. Zege likikauka bila nondo hizo, hakuna wa kuzirudisha.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa kuna njia mbili. Moja ni waya wa kufungia nondo: unatoboa ukuta kozi tatu au nne chini ya kenchi, unapitisha waya mara kadhaa, unaukaza kwa kuusokota. Ni rahisi, ila waya mwembamba huliwa na kutu, na kwenye tofali za udongo hukata tofali kama kisu kwenye mhogo uliochemka. Nyingine ni vipande vya chuma bapa vilivyokunjwa, upande mmoja misumari kwenye kenchi, upande mwingine boliti kwenye lenta. Fundi wa kuchomelea wa mtaani atakukatia. Kwa nyumba ya bloku au ya mawe ningechagua chuma bapa bila kusita. Kwa nyumba ya tofali za udongo ningechagua waya mnene, uliopitishwa chini zaidi na kuwekewa kipande cha mbao ndani ya ukuta ili usikate. Kisha ningejua kwamba ukuta wenyewe ndio wasiwasi wangu.

Umbo la paa nalo lina neno, hasa kwa anayechora ramani leo. Paa lenye miteremko minne hukabiliana na upepo vizuri kuliko lenye miwili, kwa sababu halina pembetatu iliyosimama wima kama tanga. Mteremko mmoja, ule wa vibanda na vyumba vya kupangisha, ndio mbaya zaidi, hasa upande mrefu ukitazama ziwa. Paa la kuficha, ambalo siku hizi kila mwenye kiwanja Buswelu na Kiseke analitaka, lina afadhali kwa upepo kwa sababu ukuta unaolizunguka hulikinga kingo. Hasara yake iko upande mwingine: mvua ya ghafla ikikuta gata zimezibwa na majani, maji hayana njia ila dari yako. Ukilichagua, chagua pia siku ya kupanda kusafisha kabla ya Machi na kabla ya Oktoba.

Kuna mgongano mmoja usio na suluhisho safi. Upepo hupenda paa lililotokeza nje ya ukuta. Kila sentimita inayozidi 50 hivi ni mahali pa kushikia na kuinua. Lakini nyumba ya tofali za udongo inahitaji paa litokeze, la sivyo mvua ya upande italowesha ukuta hadi uporomoke. Machi 2015 dhoruba ya upepo na mvua ya mawe ilipiga kijiji cha Mwakata, Kahama, mkoani Shinyanga, ikaua watu zaidi ya 40, na kuta za udongo zilizoporomoka zilikuwa sehemu kubwa ya maafa yale. Kwa hiyo mwenye ukuta wa udongo asikate paa lake fupi kwa kumsikiliza mtu wa bloku. Abaki na paa refu, afunge ncha za kenchi kwa bidii zaidi, na apige plasta ya saruji mita moja ya chini ya ukuta kwa nje, mahali matone yanaporukia.

Baraza ni suala jepesi. Paa la baraza lijitegemee, lisiwe mwendelezo wa bati la nyumba. Upepo huingia chini ya baraza kwanza, na likienda liende peke yake.

Madirisha: wazi au yamefungwa

Bado nasikia ushauri wa kuacha dirisha wazi ili "upepo upite." Usiufuate. Upepo ukiingia ndani hujaza nyumba na kusukuma paa kutoka chini wakati ule ule linaponyonywa kutoka juu. Funga yote, hasa upande wa ziwa, na funga milango ya vyumba vya ndani. Kubandika utepe wa gundi kwenye kioo hakuzuii kioo kuvunjika. Luva zina udhaifu wake, kwani hata zikifungwa huvujisha, na kipande kimoja kikikosekana ni tundu tosha. Kabla ya kufikiria kubadilisha madirisha yote kuwa ya aluminiamu, nunua vioo vya luva vilivyopungua. Pazia nzito iliyoshushwa itapunguza vipande vya kioo kurukia kitanda; zaidi ya hapo haina kazi.

Maji ya nje: viroba vya mchanga au mfereji

Jibu linategemea unakaa wapi, na Mwanza ni miji mitatu ndani ya mmoja.

Wa milimani, Isamilo, Igogo, juu ya Mabatini, hawaogopi maji kusimama. Wanaogopa maji yanayoshuka kati ya mawe kwa kasi na kula udongo ulioshikilia msingi, au ulioshikilia jiwe lililo juu yao. Viroba haviwafai. Wanahitaji mfereji wa kujengwa unaokatiza juu ya nyumba na kuyapeleka maji pembeni, tena pembeni kusikoishia kwa jirani wa chini. Wakubaliane kabla ya mvua. Baada ya mvua ni kesi ya serikali ya mtaa.

Wa bondeni, wanaofuata Mto Mirongo na vijito vyake, maji huwapandia. Hapa kizingiti cha zege mlangoni kilichoinuliwa sentimita 20 au 30 kinashinda viroba kwa sababu kiko pale usiku na mchana. Viroba ni vya dharura: vijaze nusu, si pomoni, ili vilale na kushikana, upange kama matofali, na utandike turubai upande wa maji. Salfeti zikiachwa juani miezi michache huoza na kumwaga mchanga wote, basi usijaze leo za msimu ujao. Weka salfeti tupu kavu ndani na rundo la mchanga nje. Mfereji wa mtaa nao ni mzuri ukiwa mtupu. Ukiwa umejaa chupa na mifuko, ni bwawa mlilojijengea.

Wa ufukweni wana ziwa lenyewe. Mei 2020 maji yalipanda yakavuka kidogo hata kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na nyumba nyingi za mialoni zikajikuta ndani ya maji. Ziwa likiwa juu namna ile, dhoruba ya kawaida hurusha mawimbi sebuleni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Watu huiona kama sheria ya kuwaonea, lakini kwa anayechagua kiwanja ni ulinganisho mwepesi kuliko yote niliyoandika hapa: mita 60 ni bure, ukuta wa kuzuia mawimbi si bure, na ukuta huo hubomoka.

Mwanga na moto

Sitakawia hapa, kwa sababu taa mbovu mara nyingi inakuudhi tu, ingawa moto unaua.

| Chaguo | Saa tisa usiku | Hatari | Uamuzi wangu |
|---|---|---|---|
| Koroboi, mishumaa | Upepo huzima, kiberiti hulowa | Moto kwenye neti na pazia | Akiba ya mwisho |
| Taa ya kuchaji kwa umeme | Inategemea kama ulikumbuka | Ndogo | Nzuri kwa mwenye kukumbuka |
| Taa ndogo ya sola | Ina chaji kwa sababu unaitumia kila siku | Ndogo | Anza na hii |
| Jenereta | Lazima utoke nje kwenye mvua na radi | Moshi wake huua ndani ya nyumba | Kwa biashara yenye friji, si kwa familia |

Tofauti ya taa ya sola na ya kuchaji si ubora. Ya sola hukaa dirishani kila siku, ya kuchaji husahauliwa kabatini.

Moto wa kupikia unahitaji maneno zaidi. Dhoruba ikipita huacha baridi, madirisha yamefungwa, watoto wamelowa, na mama au dada wa nyumba huingiza jiko la mkaa chumbani ili kuwapa joto. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Inaua watu wakiwa wamelala. Kati ya mkaa na mtungi mdogo wa gesi, kwa usiku kama huo gesi inashinda waziwazi, mradi jiko lizimwe kabla ya kulala na chumba kiwe na pa kupumulia. Kama una mkaa tu, pika barazani upepo ukishatulia, kisha uingize chakula, jiko libaki nje. Joto la watoto litoke kwenye blanketi kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki tangu msimu ulipoanza.

Maji ya kunywa: madumu au simtanki

Umeme ukikatika, mitambo ya kusukuma maji nayo husimama, na bomba la mtaa hukauka hata kama ziwa zima liko mbele yako. Maji ya ziwa baada ya dhoruba yamechanganyika na yaliyosombwa kutoka vyooni na mitaroni. Hayo yachemshwe au yawekwe dawa, hata yakionekana safi.

Simtanki la lita 1,000 linaonekana ushindi wa wazi, na ni kweli likiwa limejaa: uzito wake unafika tani moja, hakuna upepo wa kwetu utakaolisogeza. Likiwa tupu juu ya mnara wa vyuma, ni puto. Basi anayelichagua aliweke chini au kwenye msingi wa zege, alifunge kwa kamba, na ashike desturi ya kulijaza linapofika nusu bila kungoja likauke. Madumu ya lita 20 hayana usumbufu huo, yanaingia chini ya kitanda, na ukilazimika kuhama unaondoka nayo. Kwa familia ya watu 5 madumu matano yaliyofungwa vizuri yanatosha siku kadhaa za kunywa na kupika. Mpangaji achukue madumu. Mwenye nyumba na mwenye bustani achukue simtanki, na madumu mawili pembeni.

Utajuaje: simu, redio au mbingu

TMA hutoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Taarifa zake za upepo mkali hutaja kasi inayozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Faida yake ni kwamba inatolewa na watu wanaolifahamu ziwa, na rada ya Kiseke inatazama mawingu yetu wenyewe. Kasoro yake ni kwamba inazungumzia mkoa mzima. Rangi ya njano kwa Mwanza, Geita na Mara haikuambii kama wingu litapita Luchelele au litaishia Ukerewe.

Programu za simu zinazokuja na picha ya jua na wingu ni nzuri kwa kujua Alhamisi itakuwaje London. Dhoruba ya ziwa ni ndogo na ya haraka, nyingi za programu hizo hazina jicho la kuiona. Ningezitumia kupanga siku ya kufua.

Mbingu na wavuvi hubaki. Anayelala mwaloni husoma upepo uliogeuka ghafla kuwa baridi na mstari mweusi juu ya maji kabla simu haijalia. Lakini ishara hizo hutoa dakika, si saa, na usiku hazionekani. Nashika mbili pamoja: naisoma taarifa ya TMA kila jioni kabla ya kula, si asubuhi, kwa sababu jioni bado naweza kufunga kilicho wazi, kisha ngurumo ndiyo inaniamsha. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawa kwa tatu, utapata kilomita. Ikifika sekunde 30 au pungufu, iko karibu ya kutosha kukupiga, na subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka.

Radi ndiyo sehemu pekee ambayo kipimo changu cha usingizini kinashindwa. Swichi ya ukutani haizuii radi kufika kwenye televisheni; plagi lazima ichomolewe kwa mkono, na waya wa antena au wa dishi pia. Kwa hiyo ichomoe kabla ya kwenda kulala kila usiku wa msimu wa mvua, mvua iwepo isiwepo. Kinachouzwa madukani kama kinga ya umeme wa kupanda na kushuka husaidia umeme wa TANESCO ukirudi kwa kishindo. Kwa radi ya karibu ni pambo. Na radi haichagui nyumba za udongo. Oktoba 2018 ilipiga darasa mjini Geita, ikaua wanafunzi. Mwenye jengo refu kilimani au shule afunge kinga ya radi iliyotiwa ardhini sawasawa. Mwenye nyumba ya kawaida akae mbali na ukuta wenye nyaya na mabomba, asioge wala asioshe vyombo.

Kubaki au kuondoka

Watu huamua kwa kutazama paa. Mimi hutazama ukuta. Paa likiruka juu ya ukuta wa bloku wenye lenta, mtu aliye kwenye korido au bafu la katikati, godoro likiwa juu ya kichwa, ana nafasi nzuri ya kuondoka salama. Ukuta wa udongo uliokwisha kunyeshewa wiki nzima haungoji hata paa. Kwa hiyo nyumba ya bloku au mawe iliyofungwa vizuri: baki. Nyumba ya udongo yenye ufa, banda la mbao mwaloni, au nyumba iliyo chini ya jiwe lenye udongo mpya unaomomonyoka: ondoka jioni, taarifa ikiwa rangi ya chungwa, kabla giza halijaingia na njia hazijageuka mito.

Kwenda wapi? Wengi hufikiria kanisa, ghala la soko au bwalo la shule. Majengo makubwa yenye paa pana lisilo na kuta za kati ndiyo hupoteza paa upesi. Chumba cha wageni kwa shangazi Nyakato, kidogo, chenye zege juu ya dirisha, ni bora kuliko bwalo lenye nafasi ya watu 300. Mpigie mapema, umwambie: "Shangazi, leo mbingu si nzuri, tunakuja kulala." Hakuna shangazi atakayeuliza mengi.

Wenye mitumbwi wana uamuzi wao wa ziada, nao ni mfupi: injini itolewe iingie ndani ya nyumba, mtumbwi uvutwe juu na kugeuzwa kifudifudi, ufungwe kwenye mti au jiwe lisilotikisika. Anayebaki kuulinda mtumbwi usiku anaulinda kwa roho yake, na mtumbwi una fundi wake.

Asubuhi yake, waya wowote ulioanguka uchukuliwe kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa sababu kuna jirani mwenye jenereta, na TANESCO inaweza kuwasha wakati wowote. Watoto wasitoke kucheza kwenye madimbwi hadi mtu mzima amezunguka nyumba na mtaa.